Kitufe cha Kijivu

"Usiniulize mimi," Mkaguzi alimwambia muuza viatu aliyeketi mbele yake. "Fanya kama uko peke yako nyumbani. Unachokiona kitaje. Ukikwama, sema umekwama."

"Na nikikosea?"

"Hapa anayekosea ni ukurasa. Wewe hukosei."

Muuza viatu akaishika simu kwa mikono miwili kama anapima uzito wake. Ilikuwa simu ya zamani, skrini ndogo, ina ufa pembeni. Mkaguzi aliinunua makusudi, kwa kuwa waombaji wengi walikuwa na simu za namna hiyo. Juu ya meza, kwenye mkono wa chuma uliopinda, kamera ndogo ilitazama vidole vya muuza viatu. Mkaguzi mwenyewe alikaa nyuma ya bega lake, kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuwakalisha watu wa kawaida mbele ya tovuti, kuwapa jambo la kufanya, kisha kunyamaza na kuangalia wanapopotea.

Mbele yao ilikuwa nakala ya fomu ya kuombea nafasi katika chuo cha uuguzi. Tovuti yenyewe ilikuwa imefungwa tangu zogo lilipoanza. Waombaji kwa mamia walisema walijaza fomu wakazituma. Chuo kilipofungua mfumo, majina yao waliyojisajili nayo mwanzoni yalikuwamo, fomu zao hazikuwamo. Mwenye ruhusa ya kufuta fomu alikuwa mtu mmoja tu, karani wa udahili, mama aliyekaribia kustaafu. Kesho asubuhi angesimama mbele ya baraza la chuo. Wajumbe walikuwa wameshamhukumu mioyoni mwao. Mkaguzi walimwita ili asije mtu baadaye akasema hawakuchunguza.

"Jina, nimejaza," muuza viatu alisema. "Shule, nimejaza. Namba ya mtihani... hii ya mwanangu naijua kuliko yangu. Haya, 'Endelea'." Akabonyeza. "Eee! 'Hongera, umemaliza kujaza fomu.' Na tiki ya kijani, kubwa kama sahani." Akausogeza ukurasa kidogo. "Na hawa wahitimu na majoho yao, wanacheka tu. Basi." Akaiweka simu mezani. "Mtoto kaingia chuo."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Kwani kuna kingine?"

Kulikuwa na kingine. Chini ya picha ya wahitimu, iliyojaza skrini nzima, upande wa kulia, kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Tuma". Kilikuwa cha kijivu, rangi ya kitu kilichozimwa. Kabla hakijabonyezwa, fomu ilibaki ndani ya simu ya mwombaji na haikwenda popote. Hakuna mtu aliyezifuta fomu zile. Hazikuwahi kuondoka.

Mkaguzi alimshukuru muuza viatu, akamsindikiza hadi chumba cha mbele, alikokuwa Shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa mumewe. Alipokuwa hana kazi, Mkaguzi alimfundisha ukaguzi juu ya meza ya jikoni, jioni baada ya jioni, na sasa ofisi hii ya vyumba viwili ilikuwa yao wote wawili. Katika kazi ya chuo aliomba abaki mlangoni, awapokee watu, awape maji, awatanie mpaka woga uwatoke. Ukurasa wenyewe hataki kuuona, alisema, ili jicho lake libaki safi.

"Vipi, shemeji?" Shemeji aliuliza, muuza viatu alipokwisha kutoka.

"Awamu ya kwanza imekwisha."

"Wangapi wametuma?"

"Hakuna hata mmoja."

"Masikini," Shemeji alisema, akageuka kuosha glasi.

Fundi wa mitambo wa chuo aliingia bila kubisha hodi, mkoba wa kompyuta begani. Mkaguzi alikuwa amemwita kwa sababu mbili. Ufunguo wa kuubadilisha ukurasa alikuwa nao yeye, na yeye na Karani walikuwa hawasalimiani.

"Nasikia unanishuku," alisema kabla hajakaa.

"Nani kakwambia?"

"Si yule mama! Kila anayekutana naye anamwambia ni mimi."

"Mimi sijamwambia mtu kitu. Kaa, kaka. Ukurasa ulibadilishwa baada ya kufunguliwa?"

"Hata nukta."

"Ungejuaje?"

"Ufunguo ninao mimi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Fundi akacheka kwa pua. Alitoa kompyuta yake, akaifungua mezani. "Siku ya uzinduzi niliujaribu mwenyewe mbele ya mkuu wa chuo. Nikajaza, nikatuma, fomu ikaingia, mkuu akapiga makofi. Tazama." Aliipitia fomu upesi mpaka mwisho. Kwenye kioo kipana cha kompyuta, tiki ilikuwa kushoto, wahitimu chini yake, na kitufe cha "Tuma" kulia, sambamba na tiki. "Kipofu angekiona. Watu wazima wanashindwa kubonyeza kitufe, mhalifu niwe mimi?"

Mkaguzi alimsogezea ile simu ya ufa. "Omba nafasi."

"Mimi?"

"Wewe."

Alijaza harakaharaka, akisonya kila herufi zilipochelewa. Tiki ikatokea. Wahitimu wakatokea. Akairudisha simu mezani. "Tayari."

"Umetuma?"

"Nimetuma."

"Kitufe kilikuwa upande gani?"

Fundi alinyoosha mkono. Akaichukua simu tena. Alitafuta juu, akarudi nyuma ukurasa mzima, akailaza simu upande, akaisimamisha. Alipowapita wahitimu hatimaye akakiona.

"Kwenye kompyuta kiko kando," alisema polepole. "Simu haina kando. Kimeangukia chini."

"Ofisini kwenu nani anaifungua tovuti kwa simu?"

"Hakuna."

"Na waombaji?"

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. Kwa Mkaguzi, alikuwa amejisafisha bila kujua. Mtu aliyekiweka kitufe pale asingehangaika vile kukitafuta.

"Nani aliujenga?"

"Mtu wa nje. Si nyinyi mlikataa? Mkuu wa masomo alianza kwenu."

"Tulikataa. Sisi ni wakaguzi."

Kwenye ukuta nyuma yake sharti la ofisi lilikuwa limebandikwa, kwa mwandiko mzuri wa Shemeji: Hatujengi tunachokagua, hatukagui tulichojenga.

"Basi akampata mwingine," Fundi alisema. "Mimi sijawahi kumwona. Kazi alituma kwa barua pepe, akajiita Mchoraji. Na mkuu wa masomo mwenyewe ameshahama, simu zetu hapokei. Nilimwuliza huyo Mchoraji kama ameujaribu ukurasa na watu. Akajibu hakuna haja, kazi hiyo anaijua."

"Kesho utayasema haya barazani?"

"Nitasema. Lakini watasema najikinga, kwamba nakala hii nimeipika juzi. Mchoraji asiposema kwa kinywa chake kwamba ukurasa ulitoka mkononi mwake hivihivi, yule mama amekwisha."

Shemeji alikuwa amesimama kwenye kizingiti na glasi ya maji ya mgeni. Maji hayakufika mezani. Aliyanywa mwenyewe, akarudi alikotoka.

Fundi alipoondoka, simu ya Mkaguzi ikalia. Alikuwa Karani.

"Mwanangu, kesho nivae nini?"

"Vaa unavyovaa kazini, mama."

"Wanasema waliopita wote ni watoto wa wenye nazo. Eti nimewachagua. Binti wa jirani yangu aliomba, akakosa. Leo nimemsalimia mama yake, akautazama ukuta."

"Waliopita walitumia kompyuta, mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nitakueleza kesho, tukiwa mbele yao."

"Mimi niambie tu kama ni mwizi."

"Wewe si mwizi."

"Basi nitavaa ile ya bluu," Karani alisema, akakata.

Kabla ya awamu ya pili, Mkaguzi aliirekebisha nakala. Alikipandisha kitufe hadi mwanzo wa ukurasa wa mwisho, akakipaka rangi ya bluu iliyokolea, akakipanua kutoka ukingo hadi ukingo. Tiki aliitoa. Wahitimu aliwatoa. Mahali walipokuwa pakabaki peupe. Kama watu wengine, wasio na elimu zaidi ya wale wa kwanza, wangetuma bila shida, basi kosa lilikuwa la mahali pa kitufe wala si la akili za watu.

Mshonaji alituma huku anasimulia ugomvi wake na mwenye nyumba. Mlinzi wa benki alituma, kisha akaomba atume tena kwa raha. Dereva wa lori aliuliza kama ndiyo hiyo tu iliyomfanya aache kulala. Kila mmoja, ukurasa wa mwisho ulipofunguka, kidole chake kilisita hewani, jicho likatembea, likakiona kitufe, kidole kikafuata. Mkaguzi aliusubiri msito ule kila mara. Mtu mgeni lazima asite.

Wa mwisho, dada wa saluni, akapiga simu. Kichwa cha bibi harusi kilikuwa bado mikononi mwake, asingeweza kuja.

"Nimtafute mwingine?" Shemeji aliuliza.

"Saa hizi utampata wapi? Kaa wewe."

"Mimi?" Alicheka. "Mimi mtu wa ofisi, shemeji. Nitakuharibia hesabu."

"Ukurasa umeshauona?"

"Sijauona."

"Basi jicho lako safi. Kaa."

Shemeji akakaa. Alivunja vidole, akajiweka sawa kitini kama mtu anayepigwa picha.

"Unachokiona kitaje," Mkaguzi alisema kutoka nyuma.

"Ninachokiona ni simu ambayo kaka angeitupa jalalani. Haya. Jina. Niandike jina gani? Niandike la kaka, arudi shule. Maana yule, tangu umwoe..."

"Mimi ndiye nilimwoa?"

"Wewe ndiye. Yeye alibebwa tu. Kwenye picha za harusi ana sura ya mtu aliyepoteza mzigo stendi. Shule, haya. Namba ya mtihani, naandika yoyote. 'Endelea'."

Ukurasa wa mwisho ukafunguka. Shemeji alikuwa bado anacheka, uso ameugeuza nusu kumtazama shemeji yake. Kidole gumba hakikusita. Kilivuta skrini juu kwa mkupuo mmoja mrefu, kikashuka upande wa kulia, chini, mahali palipokuwa peupe, kikabonyeza. Kikabonyeza tena.

Hapakutokea kitu.

Shemeji akaitazama simu. Cheko likakoma. Alirudi juu polepole, akakiona kitufe cha bluu, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Nimetuma," alisema. "Rahisi tu."

"Asante," Mkaguzi alisema.

Hakuinuka. Alivuta kiti chake kutoka nyuma ya bega la Shemeji, akaizunguka meza nacho, akaketi mbele yake. Katika miaka yote ya kazi yao hakuwahi kukaa upande ule wakati wa jaribio.

"Pale chini ulikuwa unabonyeza nini?"

"Wapi? Nilikuwa nasogeza tu ukurasa."

"Ulibonyeza mara mbili."

"Labda nilidhani kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Kitufe. Vitufe si hukaa chini?"

"Hukaa. Lakini pale ni chini sana. Mtu angelazimika kuipita ile picha kwanza."

"Ndiyo, unawapita wahitimu, halafu..."

Mkaguzi aliisubiri sentensi imalizike. Haikumalizika.

"Nimesema picha," alisema kwa sauti ileile aliyoitumia kwa muuza viatu. "Sikusema ya nini. Na leo mchana niliitoa. Kwenye simu uliyoishika hakuna wahitimu."

"Nimewasikia watu wakitoka humu, shemeji. Wanaongea."

"Wanaongea kwamba kitufe kiko chini ya wahitimu, upande wa kulia?"

"Pengine."

"Wa awamu ya kwanza hawakufika kwenye kitufe hata mmoja. Wa awamu ya pili hawakuwaona wahitimu, na Fundi hakuwataja. Nani alikwambia?"

Shemeji alikigeuza kichwa kuitazama kamera. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka.

"Tuizime hiyo."

"Iache."

Nje, mtu alikuwa anavuta mlango wa chuma wa duka. Shemeji alisubiri kelele ipite.

"Mkuu wa masomo alinipigia baada ya wewe kumkatalia," alisema. "Nikamwambia nitamfanyia mimi. Usiku... jioni, ukishaondoka."

"Sharti hilo ukutani umeliandika wewe."

"Najua nani kaliandika."

"Kwa nini?"

"Wewe umewahi kuhesabu vitu nilivyojenga? Hakuna. Kazi yangu ni kuja na kusema hiki kibaya, kile hakionekani, hapa mtu atapotea. Nilitaka kimoja kiwe changu. Watu wakifungue waseme, eee, hiki kizuri." Aliigusa simu, akaisukuma kando. "Na kilikuwa kizuri. Kwenye kompyuta kilikuwa kizuri."

"Hukumkalisha mtu hata mmoja akijaribu."

"Ningemkalisha nani? Watu wote ninaowajua wa kukaa kwenye kiti hiki ni wako. Ungejua kabla hawajafika kwao."

"Ulijua lini kwamba kimeangukia chini?"

"Mapema. Nilikifungua kwa simu yangu, kujionea tu. Halafu nikawa nakifungua kila siku. Nashuka, nakikuta palepale."

"Tovuti ilikuwa bado wazi?"

"Ilikuwa wazi."

"Fomu zilikuwa bado zinajazwa."

"Shemeji, ufunguo walishaninyang'anya. Ningelazimika kumpigia yule Fundi, angeuliza mimi ni nani, na jina lingefika hapa. Nikasema watu wataona wenyewe. Wataona, watashuka chini. Kumbe hawashuki."

"Hawashuki. Somo la kwanza nililokufundisha."

Shemeji akainamisha kichwa.

"Siku Karani alipokuja hapa mara ya kwanza," Mkaguzi alisema, "alikaa kwenye benchi la mlangoni akalia. Nilikuwa humu ndani, nakusikia. Ulimpa maji. Ukamwambia, mama, usijali, ukweli utajulikana."

"Nilitaka atulie."

"Ukweli ulikuwa umeushika mkononi, ukampa maji."

"Ningesema nini? Kwamba kanyimwa usingizi kwa sababu yangu?"

"Hivyohivyo."

Shemeji akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Kaka usimwambie."

"Baraza halikumwita kaka yako."

"Wakijua Mchoraji ni mtu wa ofisi hii, watasema wewe ulijua. Ukaguzi wako wote watautupa. Ofisi itakufa, shemeji. Nakuonea huruma wewe."

"Usinionee huruma. Nitaanza kukuamini tena, na leo sitaki."

Alisimama, akaizima kamera. Alivuta karatasi ya matokeo ya awamu ya pili, akapiga mstari juu ya jaribio la mwisho, na pembeni akaandika: Halihesabiwi. Mhusika anaujua ukurasa. Halafu akampigia dada wa saluni, akamwuliza bibi harusi anaendeleaje, akamwomba afike kesho mapema, kabla baraza halijakaa, kwa sababu jaribio moja lilikuwa limebaki. Dada wa saluni akasema atakuja na atataka chai.

Shemeji alikuwa ameshavaa koti. Alitoa ufunguo wa ofisi mfukoni, akauweka mezani, karibu na simu ya ufa.

"Wa nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Nilidhani utauhitaji."

"Kila asubuhi nani anafungua hapa?"

"Mimi."

"Dada wa saluni atakuja mapema. Asikute mlango umefungwa." Aliusukuma ufunguo ukarudi upande wake. "Akimaliza, tunakwenda barazani. Kuna kiti mbele ya wajumbe. Utakaa hapo, utashika simu hii, utawaonyesha kidole chako kinakwenda wapi."

"Kama nani?"

"Kama Mchoraji."

"Na wewe?"

"Nitakuwa nyuma yako, kimya. Kama siku zote."

Shemeji aliutazama ufunguo kwa muda, kisha akauchukua. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja. Viatu vyake vilisikika kwenye ngazi, vikasimama kidogo katikati, vikaendelea.

Mkaguzi aliichomeka simu kwenye chaji kwa ajili ya kesho. Alikirudisha kiti chake nyuma ya kiti cha mjaribu, mahali pake pa kawaida, akaunyoosha mkono wa kamera. Ripoti ya baraza ilikuwa imefika kwenye kichwa cha sehemu ya mwisho, "Aliyejenga ukurasa", na chini ya kichwa hicho hapakuwa na neno. Aliifunga kompyuta hivyohivyo.

Mlangoni alizima taa, akasita, akaiwasha tena. Alirudi mezani, akaifungua kamera, akaichomoa kadi yake iliyorekodi maneno ya Shemeji, akaitia ndani ya pochi, akaifunga zipu.

Ufunguo alimwachia. Kadi hakuiacha.